Mashine Isiyouliza Mara ya Pili

Bi Taipu alipiga chapa maofisini miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo taipureta haikuwahi kumuuliza swali hata moja. Ukigonga herufi, umeigonga. Ukikosea, kosa linabaki pale linakukodolea macho mpaka ulipake wino mweupe, au uichane karatasi uanze upya huku bosi anakohoa nyuma yako. Kwa hiyo siku mjukuu wake alipomkalisha mbele ya kompyuta na kumwambia aandike, kilichomshangaza si mwanga wa skrini wala kile kipanya kisicho na mkia. Kilichomshangaza ni maswali.

"Hii mbona inauliza-uliza kama mpangaji mpya?"

"Ndiyo kazi yangu hiyo, Bibi," mjukuu akacheka. "Mimi ndiye ninayeipa maneno ya kuulizia."

Na kweli ndiyo ilikuwa kazi yake. Yeye na wenzake wachache walikuwa wanatengeneza programu ya kuandikia, itakayosema Kiswahili tangu mlangoni hadi uani, na yeye alikabidhiwa maswali yake yote: itakachouliza mtu anapofunga, anapofuta, anapotaka kulipatia faili jina ambalo faili jingine limeshalichukua. Maswali arobaini na sita. Aliyaandika kwenye vikaratasi vya manjano akavibandika ukutani, sebule ya bibi yake ikaota magamba kama samaki.

"Wewe si ulikuwa bingwa wa taipu? Nisaidie kuijaribu. Andika chochote, ukimaliza funga. Mimi napeleka simu ikabadilishwe kioo. Sitaki kukaa hapa nikuelekeze, nataka nione mtu asiyeelekezwa anafanya nini."

"Chochote?"

"Chochote, mke mwenzangu."

Waliitana hivyo tangu mjukuu akiwa na miaka minne, siku babu yake alipomposa kwa pipi mbili naye akazipokea zote mbili bila kushauriana na mtu. Babu alifariki miaka ishirini iliyopita. Aliwaachia wake zake nyumba ya vyumba vitatu na redio inayoshika stesheni moja tu, tena ikipenda.

Mlango ulipofungwa, Bi Taipu alikunjua vidole, akavilaza juu ya vitufe. Vidole vina akili zao. Havikuandika kile 'chochote' alichoagizwa, viliandika barua iliyokuwa imekaa kifuani mwake miaka kumi na tisa: *Kwa mdogo wangu Punje.*

Punje ndiye ndugu pekee aliyebaki naye. Mama yao alimpachika jina hilo kwa sababu alizaliwa mdogo hadi mkunga akauliza kama ndiye yeye mzima au kuna mwingine anafuata. Miaka kumi na tisa iliyopita Punje alipata kazi ya kushona mashuka ya hospitali, mji wa mbali, safari ya siku mbili. Tangu hapo ilikuwa simu za sikukuu. Hujambo, sijambo, watoto hawajambo, haya dada salio linakwisha. Sasa Bi Taipu alikuwa amepata habari, kupitia binamu yao mwenye masikio marefu, kwamba Punje amestaafu, na kwamba anaishi peke yake katika chumba kimoja cha kupanga, anashonea majirani zipu ili siku ipite.

Bi Taipu aliandika asubuhi nzima. Aliandika kuhusu paa, kuhusu magoti, kuhusu jirani aliyenunua jogoo asiyejua saa. Aliandika kwamba chumba cha dirishani hakilali mtu. Aliandika kwamba nyumba imekuwa kubwa siku hizi. Kurasa nne. Hakuna mahali alipoandika neno *njoo*, maana neno hilo alikuwa analizungukazunguka kama kuku anavyozunguka maji ya moto, lakini aliona mwenye akili atalikuta mwenyewe.

Kisha akabofya alama ya kufunga, kama alivyoagizwa. Kidirisha kikaibuka:

*Unataka kuhifadhi mabadiliko?*

Chini yake, vitufe viwili. *Ndiyo. Hapana.*

Bi Taipu alitabasamu. Angalau ina ukarimu, akawaza. Akabofya *Hapana*, akaegemea kiti, akangoja.

Skrini ikawa nyeupe. Akangoja tena. Akakohoa kidogo, kama mgeni anayewakumbusha wenyeji kwamba bado yupo barazani.

Bado alikuwa anangoja mjukuu aliporudi.

"Umemaliza, Bibi? Umeandika nini? Mbona hakuna kitu?"

"Iliniuliza kama nataka kuhifadhi, nikasema hapana."

"Kwa nini ukasema hapana?"

"Nilidhani itaniuliza tena."

Mjukuu alicheka mpaka akakaa sakafuni, na simu yenye kioo kipya mkononi. Bi Taipu naye akacheka, maana kicheko cha mtoto yule kilikuwa na tabia ya kumvuta mtu shati. Lakini ninyi msimcheke. Aliyelelewa na mama yake yeye na Punje angefanya vilevile.

Mama yao alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Ukikaribishwa kwa watu, unakataa. Ukikaribishwa tena, unakataa tena, kwa sauti ndogo zaidi. Ukikaribishwa mara ya tatu, unakaa na unakula kwa shukrani. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi. Naye anayekaribisha mara moja tu hakuwa na nia. Bi Taipu na Punje walienda kwa majirani na njaa zao, wakasimama mlangoni wakikataa vyakula huku mate yanawajaa kinywani, na Punje aliweka mkono mgongoni akihesabu kwa vidole. Siku moja alisahau akasema kwa sauti, "Dada, hii ni ya pili, bado moja." Walichapwa wote wawili, mmoja kwa kusema, mwingine kwa kucheka.

"Sasa Bibi, ulikuwa umeandika nini?" mjukuu aliuliza, akijifuta machozi. "Cha maana?"

"Nilikuwa nawatukana majirani. Afadhali kimepotea."

Akaenda jikoni kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyahitaji. Alisimama kando ya jiko, na kilichomrudia si zile kurasa nne. Kilichomrudia ni mlango.

Siku ile ya kuondoka, miaka kumi na tisa iliyopita, Punje alisimama palepale mlangoni, na sanduku lililokatika zipu, limefungwa kwa kitambaa. Teksi ilikuwa inanguruma nje. Punje akasema, "Dada, unataka nibaki?"

Naye akajibu, "Hapana. Nenda tu, mdogo wangu. Mimi nitakuwa salama."

Kisha akangoja. Alikuwa na jibu la pili tayari, na la tatu pia, na la tatu lilikuwa *ndiyo*. Punje aliinama akakaza fundo la kile kitambaa. Akalikaza tena, ingawa lilishakazwa. Dereva akapiga honi. Punje akabeba sanduku akaondoka, na hakuuliza tena.

Miaka kumi na tisa Bi Taipu alikuwa amemlaumu mdogo wake, kimyakimya, kwamba mama alimlea bure. Leo, mbele ya jiko, alijiuliza kama Punje alikuwa na haraka tu, au alikuwa amesikia *hapana* na kuiamini. Maji yakachemka, yakamwagikia moto.

Kesho yake mjukuu alikuwa na kikao na mwenzake, yule waliyemwita Miwani, ambaye uso wake ulijaa skrini nzima na sauti yake ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Hatuwezi kubadilisha programu kwa sababu ya bibi mmoja," Miwani alisema. "Watu wote wanajua maana ya ndiyo na hapana."

"Bibi alijua maana ya hapana. Asichojua ni kwamba ikibofywa, kazi ya asubuhi nzima inatupwa. Sisi ndio hatukumwambia."

"Basi tuongeze, 'Una uhakika?'"

"Usiniulize kama nina uhakika!" Bi Taipu alipaza sauti kutoka kwenye kochi, ambako alikuwa anajifanya anachambua mchele. "Nina miaka sabini na mbili, sina uhakika hata na magoti yangu!"

"Ni nani huyo?"

"Ndiye bibi mmoja," mjukuu akasema.

Miwani akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Na hayo 'mabadiliko' ni yapi? Mimi sikubadilisha kitu. Niliandika barua."

Mjukuu aligeuka haraka. Jana ilikuwa matusi ya majirani. Bi Taipu akainamia mchele wake kama aliyeona kijiwe cha thamani.

Walibishana saa nzima. Mjukuu alikuwa anaandika kwenye kikaratasi, anasoma kwa sauti, anakichana, anachukua kingine. Aliondoa neno moja, akalirudisha, akaliondoa tena. Mwisho alisimama, akakibandika ukutani juu ya vile vingine vyote, akasoma:

*Barua yako haijahifadhiwa. Ukifunga sasa, itapotea.*

Na vitufe vitatu: *Hifadhi, kisha funga. Funga bila kuhifadhi. Rudi kuandika.*

"Mtu akiandika kitu kisicho barua?" Miwani akauliza.

"Tutasema 'ulichoandika'. Lakini kila kitufe kiseme chenyewe kitafanya nini. Mtu asiyesoma swali, asome kitufe tu, aelewe kitakachompata."

"Ni refu."

"Ni refu kwenye skrini," mjukuu akasema. "Kazi ya mtu ikipotea, ndiyo fupi?"

Bi Taipu aliacha kuchambua mchele. *Kila kitufe kiseme chenyewe kitafanya nini.* Alilirudia neno hilo moyoni kama mtu anayejaribu kiatu cha mwingine na kukuta kinamtosha. Hivi siku ile mlangoni, yeye alisema hapana yake itafanya nini? Alisema *nenda tu*. Hakusema, ukienda nitakula nimesimama jikoni, kwa sababu meza ya mtu mmoja ina kelele. Hakusema, ukienda nitakuwa naacha taa ya chumba chako inawaka mpaka taa yenyewe ichoke.

Kikao kilipoisha akavuta kiti.

"Nifungulie hiyo mashine yako."

"Uandike tena ile barua?"

"Ile ilikufa kifo chema. Ilikuwa na jogoo mwingi, mtu ndani yake hakuwemo."

Safari hii aliandika mistari mitatu:

*Mdogo wangu Punje. Nataka uje uishi na mimi. Chumba kipo, na hakuna mwingine ninayemtaka akae humo.*

Alipobofya kufunga, kidirisha kipya kikaibuka, kimevaa maneno yake mapya. Bi Taipu akayasoma kidole kikifuata mstari, akabofya *Hifadhi, kisha funga*. Mjukuu naye aliyasoma ya bibi yake, mistari ile mitatu, akiwa amesimama nyuma ya kiti. Aliituma barua kwenye simu ya Punje siku hiyohiyo.

Jibu lilikuja kesho yake, wakati wa kifungua kinywa. Mjukuu alilisoma kwanza mwenyewe, akaweka kikombe chini.

"Pole, Bibi."

"Soma."

"'Hapana, dada. Nisije nikakusumbua. Mimi niko salama.'"

Bi Taipu alinyanyua kidole kimoja. "Moja," akasema, na macho yakamng'aa.

"Moja nini?"

"Huyo amelelewa, huyo! Hiyo ni ya kwanza. Ukiuliza tena, atakataa kwa sauti ndogo zaidi. Ya tatu anafunga sanduku."

Mjukuu akashusha pumzi. Lakini kile kidole hakikukaa juu muda mrefu. Kilianza kushuka chenyewe, polepole, mpaka kikarudi mezani karibu na makombo ya mkate.

Maana miaka kumi na tisa ni mingi. Labda huko aliko Punje watu wanauliza mara moja, wanajibiwa mara moja, na kila mtu anashika njia yake. Labda ile ilikuwa hapana ya adabu. Labda ilikuwa hapana yenyewe, ya mtu aliyekwishazoea chumba chake na zipu zake, asiyetaka kuanza kukorofishana na dada mzee juu ya nani kaacha mfuniko wa sufuria wapi. Neno ni lilelile, na Bi Taipu, aliyekuwa akiwajua mabosi kwa mlio wa viatu vyao, hakuweza kujua ni ipi.

"Nikuandikie ombi la pili?" mjukuu aliuliza.

"Hapana." Kisha, upesi, kabla hajaeleweka vibaya: "Na hii ndiyo hapana yangu, usiniulize tena. Nitaandika mwenyewe. Nipe kikaratasi chako kimoja."

Alikaa na kikaratasi cha manjano hadi jua likahama dirisha. Alikata, akaandika, akakata. Alichukua kingine. Mjukuu alipita nyuma yake mara mbili kwa visingizio vibovu, mara ya kwanza anatafuta mkasi, mara ya pili anatafuta mkasi uleule. Jioni kabla ya kuwasha taa, barua ilikuwa tayari kwenye skrini.

*Punje. Usinijibu kwa adabu. Mama hayupo, hakuna atakayetuchapa. Chagua kimoja.*

*Nakuja kuishi. Ukichagua hiki, chumba cha dirishani ni chako, na utanisikia nakoroma ukutani kila siku mpaka mmoja wetu azikwe.*

*Nakuja kutembea. Ukichagua hiki, utakaa siku unazotaka wewe, na siku ya kuondoka nitakusindikiza mpaka stendi, nikilia, na sitaficha.*

*Siji. Ukichagua hiki, sitakuuliza tena. Nitajua ni kweli. Nitakupenda hukohuko uliko.*

Mjukuu aliisoma mara mbili.

"Bibi, hilo la mwisho liondoe."

"Kwa nini?"

"Akilichagua je? Si ndiyo basi? Mwachie mlango."

"Wewe si ndiye uliyesema kila kitufe kiseme ukweli? Au ni ukweli wa kuwauzia wateja tu, nyumbani hautumiki?"

Mjukuu akaweka mkono begani mwa bibi yake, na wote wawili wakaitazama ile barua. Bi Taipu akaituma mwenyewe. Kabla barua haijaondoka, programu ilimuuliza: *Ukituma, hutaweza kuirudisha. Tuma. Rudi kuandika.* Hilo lilikuwa swali namba thelathini na mbili ukutani, kazi ya wiki iliyopita, na mjukuu aliona aibu kidogo jinsi lilivyokuwa swali zuri.

Siku ya kwanza hakuna jibu. Siku ya pili Bi Taipu alifua mapazia ya chumba cha dirishani, akasema yalikuwa machafu. Siku ya tatu aliyafua tena. Mjukuu aliona lakini akameza utani wake, na kwa mtu wa ukoo ule hiyo ni heshima kubwa. Simu yenye kioo kipya ililazwa juu ya meza ya chakula katikati ya chumvi na sukari, na walikula wakiitazama kama mgonjwa.

Siku ya nne, mchana, ikatetemeka.

"Soma wewe," akasema Bi Taipu. "Miwani yangu sijui nimeweka wapi." Ilikuwa usoni mwake.

Mjukuu akasoma:

"'Dada. Nimechagua cha pili. Nakuja kukaa wiki tatu. Zipu za watu nitamaliza Jumamosi, Jumatatu nitapanda basi. Lakini siku ya kuondoka usinisindikize stendi. Kaa ndani. Nitasimama pale mlangoni na sanduku langu, na nitakuuliza tena lile swali langu. Miaka yote hii nilikuwa na la pili mdomoni, honi ikanikatiza. Safari hii nijibu unachotaka.'"

Bi Taipu alichukua kitambaa cha kufutia meza, akafuta mahali palipokuwa safi. Nje jogoo wa jirani akawika, saa nane mchana, mpumbavu yule.

"Bibi? Umefurahi au?"

"Usiniulize swali la vitufe viwili."

Mjukuu alirudi kwenye maswali yake, yamebaki kumi na moja. Baada ya muda alisikia mlango wa mbele unafunguliwa, unafungwa, unafunguliwa. Akachungulia. Bi Taipu alikuwa amesimama kizingitini, upande wa ndani, mikono kiunoni, anautazama ule uwazi mbele yake, mahali pa urefu wa mtu mfupi.

"Ndiyo," alikuwa anasema. "Baki." Akatikisa kichwa, hakuridhika. Akaanza tena, haraka zaidi. "Ndiyo, baki."

"Unaongea na nani, mke mwenzangu?"

"Na mlango. Nenda kazini kwako." Kisha akageukia tena ule uwazi, na safari hii akalisema lile *ndiyo* kwa sauti ndogo, kama mtu ambaye amekaribishwa mara ya tatu.